Kongwa Zito
Somo la mwezi kwa wazee wa sharika na vijana: 1 Wafalme 12:1–20



Mwezi huu twasoma habari za Rehoboamu mwana wa Sulemani. Mfalme mzee amekwisha kufa, na makabila ya kaskazini yamekutanika Shekemu ili kumtawaza mwanawe. Hawakuja na mikuki. Walikuja na ombi: kongwa la baba yako lilikuwa zito, tupunguzie, nasi tutakutumikia. Mfalme akaomba siku tatu. Akawauliza wazee, nao wakampa shauri la upole. Akawauliza vijana waliokua pamoja naye, nao wakampa shauri la kiburi. Akalishika lile la vijana. Hata alipomtuma Adoramu, aliyekuwa juu ya shokoa, watu wakampiga kwa mawe akafa, na ufalme ukapasuka vipande viwili usiungane tena.

Nawaomba mwangalie jinsi habari hii ilivyopangwa. Kwanza palikuwa na mzigo. Baada ya mzigo likaja ombi, na baada ya ombi likaja jibu la kiburi. Mawe yalikuja mwisho. Mtu akianza kusoma kwenye mawe atasema, Hawa Waisraeli walikuwa waasi tu. Lakini mwandishi wa kitabu hakuanzia hapo, wala sisi hatuna ruhusa ya kuanzia hapo.

Nasema haya kwa sababu katika mikutano ya vijana wetu, toka Musoma hata Bunda, husikika mara kwa mara kwamba uhuru wa Tanganyika uliletwa na watu wachache waliosoma, waliotaka vyeo vya Wazungu, nao wakawashawishi watu waliokuwa wametulia. Hayo si kweli. Watu hawakuwa wametulia. Hebu tuutazame mzigo wenyewe.

Kodi, pamba na shokoa

Serikali ya Wajeremani iliweka kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897, rupia 3 kwa mwaka. Mtu wa siku hizi huona rupia 3 ni kitu kidogo, lakini mtu asiye na fedha kabisa, aliyezoea kupata chumvi na jembe kwa kubadilishana nafaka na mbuzi, atazipata wapi rupia 3? Ilimpasa auze mazao yake, au aende kufanya kazi shambani kwa Mzungu, au abebe mizigo ya safari. Ndiyo ilikuwa nia ya kodi ile, zaidi ya kujaza sanduku la Serikali: kumtoa mtu nyumbani kwake akafanye kazi ya mwingine.

Kisha, tangu mwaka 1902, katika nchi za kusini na pwani watu walitiwa katika mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe. Mashamba ya nyumbani yakaota majani, na malipo yalikuwa haba mno. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete katika Umatumbi wakaenda katika shamba la pamba wakaing'oa miche. Hilo lilikuwa tangazo la vita. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji ya dawa, akiwaambia kwamba risasi zitageuka maji. Wajeremani walimtia kitanzini mwezi wa Agosti mwaka ule ule, lakini vita vilienea hata Ungoni na Mahenge, vikaendelea mpaka mwaka 1907. Gavana von Götzen alipigana kwa bunduki, kisha kwa njaa, maana vijiji na ghala za nafaka vilichomwa moto. Waliokufa ni wengi mno. Wajeremani wenyewe walihesabu 75,000, na wataalamu wa baadaye wanasema hesabu yapata 250,000 au hata zaidi, wengi wao kwa njaa.

Mchungaji hawezi kuisifu dawa ya Kinjikitile. Iliwadanganya watu, wakasimama mbele ya bunduki wakiimba. Lakini tusiishie katika kuhukumu uganga tukasahau pamba. Mganga alipata wafuasi kwa sababu mzigo ulikuwapo tayari. Tena vita vile vilifanya jambo ambalo lilikuwa halijaonekana: watu wa makabila mbalimbali, wasiokuwa na mtemi mmoja wala lugha moja ya nyumbani, walisimama pamoja. Wazee waliokumbuka njaa ile walikuwa hai bado miaka ya 1950, na kumbukumbu yao ni sababu mojawapo ya nchi kuchagua njia isiyo ya silaha.

Watemi waliofanywa na boma

Katika nchi yetu ya Mara mzigo ulikuja kwa namna nyingine. Kabla ya Wajeremani, Wazanaki hawakuwa na mtemi wa kuwatawala. Mambo yalikuwa mikononi mwa marika na wazee, na waombaji wa mvua walikuwa na heshima yao. Serikali haikuweza kuzungumza na rika. Ilitaka mtu mmoja wa kuitwa bomani, wa kuulizwa kodi. Basi ikaweka watemi. Nyerere Burito wa Butiama alipata utemi wake mwaka 1915, akakaa nao hata alipofariki mwaka 1942. Waingereza walipoipokea nchi waliendeleza jambo hili kwa bidii zaidi: Gavana Donald Cameron, aliyekuja mwaka 1925, alitoa sheria ya mwaka 1926 iliyowapa watemi mahakama, hazina na kazi ya kukusanya kodi.

Kwa nje mpango huu ulionekana wa heshima: mtu mweusi akitawaliwa na mtu mweusi. Lakini fikirini hali ya mtemi mwenyewe. Juu yake yupo Bwana Shauri, anayeweza kumwondoa kwa barua moja. Chini yake wapo watu, wasioweza kumwondoa kabisa. Atamcha nani? Wengine walikuwa watu wema, wakawatetea watu wao kadiri walivyoweza. Hata hivyo kila amri mbaya, iwe ya matuta, ya ng'ombe au ya kodi, ilitoka kinywani mwa mtemi, na hasira ya watu ikamwangukia yeye kwanza. Adoramu naye alikuwa Mwisraeli. Waliompiga mawe walikuwa ndugu zake.

Mizani ya pamba

Kuzunguka Ziwa, kuanzia Mwanza hata Bunda, pamba ililetea watu fedha kuliko zao lingine lolote. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo kichwani mpaka penye mizani. Wenye mizani, na wenye vinu vya kuchambulia, walikuwa wafanya biashara wa Kihindi walio wengi. Wakulima walilia kwa miaka mingi kwamba mizani haisemi kweli. Wenzetu wanaoijua Katekisimo Ndogo watakumbuka jinsi Martin Luther alivyoieleza amri ya saba: kuiba si kuvunja mlango usiku tu, kuna wizi unaofanyika mchana, kwa bidhaa mbaya na biashara ya hila.

Jambo lililonifurahisha katika habari hii ni namna wakulima walivyojisaidia. Hawakuchoma vinu. Walianza kuweka watu wao wenyewe waliojua kusoma na kuandika wakasimame karibu na mizani kuangalia. Kijana mmoja aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, mwana wa mhubiri wa Kiadventista, jina lake Paul Bomani, alishika uongozi wa kazi hii. Mwaka 1952 ulianzishwa ushirika wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vidogo viliungana kuwa shirikisho la Victoria, ambalo lilikua upesi likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika wa Waafrika katika Afrika nzima. Watu waliojifunza kuchagua katibu, kusoma hesabu na kuuliza maswali katika mkutano wa pamba, hawakuona shida kufanya vivyo hivyo katika mkutano wa siasa.

Upande wa pili Serikali ilikuja na mpango wa kuistawisha nchi ya Wasukuma, tangu mwaka 1947. Ulikuwa na mambo mengi mazuri, maana udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Lakini uliletwa kwa amri na faini: lima matuta hivi, punguza ng'ombe, lipa ushuru. Mwenye ng'ombe akiambiwa na mgeni kwamba ng'ombe wake wamezidi, hasikii somo la ukulima; husikia kwamba mahari ya mwanawe imetiwa mkono. Shauri jema likiletwa na askari huwa kongwa. Tena wafugaji na wawindaji wa mashariki mwa jimbo letu waliona mwaka 1951 Serengeti ikitengwa kuwa hifadhi ya Taifa, na mtu aliyewinda mahali alipowinda babu yake akaitwa mwizi.

Shamba la Nabothi katika Meru

Sasa nakuja katika habari ambayo kila Mluteri wa Tanzania yampasa aijue, ingawa si ya Mara.

Wameru waliipokea Injili kwa shida. Wamisionari wawili wa kwanza wa Leipzig waliofika kwao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa mwezi wa Oktoba 1896. Baada yao wengine walikuja, na sharika zikasimama. Mwaka 1947 tume ya Jaji Wilson iliishauri Serikali kwamba nchi iliyo kati ya Kilimanjaro na Meru ifanywe eneo moja la wafugaji wa Kizungu. Kwa hiyo Wameru waliokaa Engare Nanyuki, watu 3,000 hivi, iliwapasa kuondoka, wakaonyeshwa nchi nyingine ya Kingori, ambayo kwao ilikuwa nchi ya joto na magonjwa. Walikataa. Waliandika barua, wakatuma wajumbe, wakangoja. Tarehe 17 Novemba 1951 askari walianza kazi. Watu walitolewa kwa nguvu na nyumba zao zikateketezwa. Waliotolewa hawakupiga mtu. Katika hao walikuwamo washirika wetu wengi, waliobatizwa, wenye kushika meza ya Bwana.

Na yale mashamba 13 yalikuwa ya wafugaji wangapi? Kumi na watatu. Mfalme Ahabu alitaka bustani ya mboga karibu na jumba lake. Hakuwa na njaa.

Wameru walichanga fedha zao wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa pamoja na mwanasheria Earle Seaton, naye akawa Mtanganyika Mwafrika wa kwanza kusema mahali pale. Ilikuwaje mtu wa kijijini apate haki hiyo? Kwa sababu Tanganyika haikuwa mali ya Waingereza. Waliipokea mwaka 1922 kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na tangu mwaka 1946 kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, kwa sharti la kuiongoza hata ijitawale. Wengi hawakulijua sharti hili mpaka Wameru walipolitumia. Umoja wa Mataifa haukupata kura za kutosha za kuwarudishia ardhi mwaka ule. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka sehemu nyingi akieleza aliyoyaona. Watu walielewa mambo mawili: kwamba kipande cha ardhi cha mtu yeyote chaweza kutwaliwa, na kwamba kuna mahali pa kushtaki. Kwa maoni yangu, habari ya Engare Nanyuki iliitayarisha nchi kwa TANU kuliko hotuba yoyote.

Mtoto wa Butiama

Mwaka 1934 mwana mmoja wa Mtemi Nyerere Burito, umri wake miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge hapa Musoma, mwendo wa maili 26 hivi kutoka Butiama. Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora, kisha Makerere, kisha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 akafundishe Pugu. Alibatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka 1943, akaitwa Julius. Hayo wote twayajua. Ila wengi hawafikirii jinsi njia ile ilivyokuwa nyembamba. Katika nchi nzima shule za juu zilikuwa chache hata mtu aliyefika mwisho aliwajua wenzake karibu wote kwa majina. Mwalimu mwenyewe alisema mara nyingi katika uzee wake kwamba Waingereza walipoondoka waliacha madaktari 12 na wahandisi 2 Waafrika. Na yule mmoja aliyefika alikuta mshahara wake ni mdogo kuliko wa Mzungu mwenye elimu ile ile, na mlango mwingine umeandikwa si wake. Ukimsomesha mtu ukamwonyesha haki na usawa katika vitabu, halafu ukamfungia mlango, umekwisha kumtuma.

Hapo vita vya mwaka 1939 hata 1945 vilikuwa vimekwisha kufanya kazi yao. Vijana wa Afrika Mashariki walipigana Uhabeshi na Burma chini ya bendera ya Mwingereza, wakisikia kwamba wanapigania uhuru wa mataifa. Walirudi wakakuta kodi ni ile ile. Na katika Kanisa letu lilitokea jambo la namna hiyo hiyo: wamisionari Wajeremani walipochukuliwa na kufungwa, wachungaji na wazee Waafrika walizishika sharika, nazo hazikufa. Aliyewahi kuongoza ushirika pasipo Mzungu hawezi tena kuambiwa kwamba hawezi.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Serikali iliwakataza watumishi wake wasijiunge na siasa, na katika nchi ya Wasukuma haikukubali kuandikisha matawi ya chama hata mwaka 1958. Mwezi wa Machi 1955 Mwalimu alisema mbele ya Baraza la Udhamini, akarudi, akaambiwa achague: ualimu au siasa. Akaacha mshahara, akarudi Butiama, akakaa miezi kadhaa akimfundisha padre mmoja Kizanaki.

Jibu la Serikali kwa ombi la watu lilikuwa mabaraza ya rangi tatu. Katika Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1955, wajumbe wasio wa Serikali walikuwa Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia hawakufika laki moja, na Wazungu walikuwa elfu 20 na kidogo. Huko Geita Serikali ilitaka kuweka baraza la namna hiyo wilayani. Watu walikataa, wakaenda kwa miguu kwa mamia hata Mwanza mwaka 1958, wakatawanywa kwa moshi wa kutoa machozi. Baraza lile likaachwa. Mwaka huo huo Mwalimu alishtakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili katika gazeti la chama, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Wengi walitaka aende kifungoni ili watu wawake hasira. Yeye alilipa faini.

Alikuwa amekwisha kufika gavana mpya, Richard Turnbull. Alitoka Kenya, alikokuwa Katibu Mkuu wa Serikali siku za hali ya hatari, naye aliyaona kwa macho yake mawe ya Shekemu. Huyu alisikiliza shauri la wazee. Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulionyesha watu walivyotaka, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ilishushwa pasipo damu.

Je, Mkristo alifanya vema kudai?

Swali hili vijana wataliuliza, wakishika Warumi 13 mkononi. Wazee wasilikwepe. Paulo asema mamlaka hutoka kwa Mungu, na ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Basi mtumishi huweza kuulizwa kazi ya bwana wake. Luther alipolieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, aliihesabu serikali njema pamoja na chakula na mavazi katika mkate wa kila siku. Na tunachokiomba kwa Mungu kila siku hatuwezi kuona haya kukiomba kwa wanadamu.

Yatupasa pia kusema kweli juu ya Luther. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani walitoa madai 12. Kwanza Luther aliwaandikia mabwana kwamba fujo ile ni matunda ya choyo chao wenyewe. Kisha wakulima walipochukua silaha aliandika maneno makali mno, akiwataka mabwana wawapige bila huruma, na maelfu wakachinjwa. Sijaona mtu aliyeweza kumtetea vizuri katika jambo hili, wala sitajaribu. Makanisa yetu mengi yalishika kitabu cha pili yakasahau cha kwanza. Wakati wa ukoloni wahubiri wengi waliwafundisha watu kutii, na wachache mno walikwenda bomani kuwaambia mabwana neno la wazee wa Rehoboamu. Watu wa Mara walisikia Injili kwa Waadventista, Wakatoliki na Wamenoniti kabla yetu sisi, na swali hili ni lao wote pamoja nasi.

Neno moja limebaki. Mwaka 1974, katika Operesheni Mara, watu wa mkoa wetu walihamishwa kuingia vijijini, na wengine waliziona nyumba zao zikibomolewa na askari wa Serikali waliyoichagua wenyewe, chini ya Rais aliyezaliwa kati yao. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati. Wapo bado wazee wanaokumbuka majira yale, na mazao waliyoyaacha shambani. Wazee wa sharika wawaombe watu hao wasimulie mbele ya vijana, kila mmoja kwa lugha aliyoizoea, Kizanaki, Kiikizu au Kijita, na mtu mmoja aandike.

Mwezi ujao tutasoma Nehemia 5, ambapo waliorudi kutoka uhamishoni wanawalilia ndugu zao wenyewe kwa ajili ya mashamba na madeni. Viongozi wa vikundi watangulie kuisoma sura yote nyumbani, pamoja na mistari ya mwisho inayohusu posho ya liwali.